Highlander (1986): picha ambayo steringi kweli hafi, ila yenyewe imejaa majeraha

#1 Kichwa Ngumu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi ukagoma, nikaiangalia tena Highlander. Sijui ni mara ya ngapi. Mara ya kwanza ilikuwa banda la video pale Morogoro, miaka ya tisini mwanzoni, tumebanana kwenye mabenchi, mkanda umechezwa mpaka picha inatetemeka kama iko chini ya maji. Banda letu lilikuwa na imani moja: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe korongoni, achomwe moto, mtoto wa miaka tisa anakuambia bila hata kugeuka, "Tulia, steringi hafi."

Siku hiyo steringi akachomwa upanga wa tumbo, akalazwa, ndugu zake wakamlilia, kesho yake akaamka mzima. Tukashangilia kama kawaida. Ila picha yenyewe haikushangilia. Ndugu zake wakamwona mchawi, wakamfunga nira mabegani, wakampiga na kumfukuza kijijini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona picha ambayo kutokufa kwa steringi ndio mkosi wake. Kimya kilichoingia bandani nakikumbuka mpaka leo.

Naleta uzi huu kwa sababu kila picha hii ikitajwa humu watu wanagawanyika. Kuna wanaoiabudu, kuna wanaosema takataka. Mimi nasema wote mna haki, na nina maelezo. Ni marefu, mwenye haraka apite. Mwisho wa picha nitautaja pia, maana imetoka 1986, hatuwezi kutunziana siri umri wote huu.

Kwa ambao hawajaiona: Connor MacLeod, kijana wa milimani kule Uskoti mwaka 1536, anagundua kuwa ni mmoja wa watu wachache wasiokufa. Wamezaliwa huku na kule duniani, hawazeeki, hawazai, na njia ya kummaliza mmoja wao ni moja tu, kumkata kichwa. Anayekata anarithi nguvu za aliyekatwa. Mahali patakatifu hawapigani. Wataendelea kupunguzana hivyo mpaka abaki mmoja, naye atapata kinachoitwa Zawadi. Picha inarukaruka kati ya milima ile na New York ya 1985, ambako waliobaki wamekutana kumalizana.

Hoja yangu ni hii. Highlander ni picha nzuri mno kila inaponyamaza, na inaharibika kila inapofungua mdomo kujieleza.

Muongozaji wake, Russell Mulcahy wa Australia, alitokea kwenye video za muziki. Ndiye aliyeongoza ile ya The Buggles iliyofungua kituo cha MTV tarehe 1 Agosti 1981, na kadhaa za Duran Duran. Mtu wa namna hiyo akili yake inahesabu dakika tatu, nne. Mpe wimbo na sura ya mtu, atakuliza. Mpe watu wawili wanaoelezana mambo chumbani, anapotea njia.

Tazameni anavyovuka kutoka zama moja kwenda nyingine. Connor yuko kwenye maegesho ya magari chini ya ardhi, kamera inapanda, inapenya zege la dari, inatokea kwenye milima ya Uskoti miaka 450 nyuma. Baadaye inaingia kwenye tangi la samaki nyumbani kwake, inapanda na maji, inaibukia ziwani ambako yeye na mwalimu wake wamo mtumbwini. Kuna mahali uso wake unayeyuka na kuwa mchoro wa Mona Lisa ukutani New York. Hakuna anayesema neno. Unaelewa tu kwamba kwa mtu huyu jana na karne iliyopita ziko chumba kimoja.

Halafu kuna Heather. Mke wake wa milimani. Wimbo unaanza, wanakimbizana kwenye majani, wanacheka. Wanakimbia tena, safari hii nywele za mwanamke zina mvi. Connor yuleyule, shati lilelile unaweza kusema. Kisha anambeba, bibi kizee, mikono imekakamaa. Yote hayo ndani ya wimbo mmoja. Kabla hajakata roho anamwomba awe anamwashia mshumaa siku yake ya kuzaliwa. Na mwaka 1985 tunamkuta kanisani New York, anawasha mshumaa. Hakuna anayetueleza kwamba ametimiza ahadi kwa takriban miaka mia nne. Mshumaa unatosha.

Sasa majeraha.

Lafudhi kwanza, maana ndiyo kichekesho cha dunia. Christopher Lambert, Mfaransa aliyezaliwa Marekani na kukulia Geneva, Kiingereza chake wakati ule bado kinatambaa, ndiye Mskoti. Sean Connery, Mskoti wa Edinburgh, ndiye Ramirez, yule mwalimu wa Connor, Mmisri wa kale mwenye jina la Kihispania, na anaongea Kiskoti kilekile cha kwao. Ni sawa na kumtafuta Mchaga aigize Mpemba, halafu Mpemba mwenyewe umpe nafasi ya Mhindi. Connery alilipwa dola milioni moja kwa wiki moja ya kazi, na yale maneno ya utangulizi aliyarekodi bafuni kwenye nyumba yake kule Hispania, ndiyo maana sauti ina mwangwi. Lambert naye haoni mbali bila miwani. Watu wanasifia yale macho yake, eti macho ya mtu aliyeishi karne nne. Wakuu, yale ni macho ya mtu aliyevuliwa miwani!

Pambano la kwanza: Fasil, mpinzani wa Connor, mtu mzima, kavaa suti, anarudi nyuma kwa sarakasi kutoka upande mmoja wa maegesho hadi mwingine. Hakuna anayemkimbiza. Anaruka tu.

Wale polisi wa New York wapo kupoteza muda. Brenda, mtaalamu wa silaha na vyuma, ameanza vizuri kuliko mtu yeyote wa upande wa 1985, halafu anageuzwa mwanamke wa kutekwa na kupigishwa kelele. Mapenzi yake na Connor sijawahi kuyaamini hata sekunde moja, hasa ukishatoka kumwona Heather.

Na mwisho. Kichwa cha adui kinaanguka, yanatokea mashetani yaliyochorwa kama katuni, Connor ananyanyuliwa hewani na nyaya zinaonekana. Hilo nasamehe, pesa ziliisha. Nisichosamehe ni Zawadi. Saa mbili tumeambiwa kuna Zawadi, watu wamekatana vichwa kwa karne nyingi, inakuja kuwa nini? Atazeeka, atazaa, na anasikia mawazo ya watu wote duniani ili awasaidie marais na wanasayansi waelewane. Hilo la kuzeeka na kuzaa lingetosha peke yake! Mtu aliyemzika mkewe akiwa kijana vilevile, anapewa ruhusa ya kuzeeka na mwingine. Ungemwonyesha mvi moja kichwani, ukafunga picha. Wao wakaongeza marais.

Mapema kule, Connor anamuuliza Ramirez kwa nini tuko hivi. Ramirez anamrudishia swali: kwa nini jua huchomoza? Hapo ndipo maelezo yalitakiwa yaishie.

Karibuni.

#2 Ngosha wa Mjini

Nimevuta kiti. Mnaoandika kwa kirefu msiniangushe.

#3 Mzee wa Mkanda

Mleta uzi umejitahidi ila umefanya kosa la jinai. Umeandika uzi mzima wa Highlander na Kurgan humtaji hata kwa jina! Unamwita "adui" kama mgambo fulani!

Nimekodisha mikanda miaka kumi na moja. Nakuambia hakuna aliyerudi dukani akisema "nipe ile ya Lambert". Walikuwa wanasema nipe ile ya jitu la sauti ya kukwaruza. Ile ndiyo Highlander. Clancy Brown alikuwa bado kijana kabisa mle, na aliipandisha picha nzima begani. Hata hiyo sauti ina sababu. Milimani Ramirez kabla ya kufa alimkata koo, upanga ukapungukiwa kidogo. Karne nne baadaye kovu lipo shingoni, amelibandika pini, sauti imeharibika. Wewe unasifu mshumaa wa Heather, lile kovu nalo ni mshumaa, wa Ramirez.

Na mtazame kanisani. Anakuja kukaa nyuma ya Connor, anawatolea watawa ulimi, anamlamba padri mkono, anapiga kelele kanisa zima. Lakini hagusi upanga. Mbakaji, muuaji, haheshimu kitu chochote chini ya mbingu, isipokuwa sheria ile moja ya mahali patakatifu. Hakuna aliyeeleza kwa nini anaiheshimu wala yatakupata nini ukiivunja. Hapo nakupa hoja yako, kutoeleza kumesaidia.

Jambo la mwisho. Mapanga yale aliwafundisha Bob Anderson, aliyepigania Uingereza kwenye Olimpiki na ndiye aliyekuwa ndani ya lile vazi jeusi la Darth Vader kwenye mapambano ya upanga. Zile cheche mnazoziona vyuma vikigongana si za kompyuta. Walifunga nyaya kutoka kwenye betri hadi kwenye mapanga, umeme unaruka kweli. Leo nani atakubali?

(Vijana wa humu, Clancy Brown ndiye sauti ya Mr. Krabs kwenye katuni ya SpongeBob. Nendeni mkasikilize mkiwa mnajua.)

#4 Ngosha wa Mjini

Mr. Krabs???? Mzee umeniharibia utoto wa wanangu.

#5 Fundi Chuma

Mimi nafua vyuma kwa kazi, visu, majembe, mageti, kwa hiyo naomba niongelee upanga, maana hapa watu wanapita tu.

Ramirez anasema upanga wake ulifuliwa na Masamune huko Japani mwaka 593 KK. Masamune ni mtu kweli, fundi mkubwa kuliko wote katika historia ya mapanga ya Kijapani, lakini aliishi mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14 BAADA ya Kristo. Wamekosea miaka kama 1,900 hivi. Mwaka huo wa 593 KK upanga wa chuma wa aina ile haukuwepo Japani kabisa.

Ila kabla hamjacheka: picha inajua nusu ya kosa hilo, na imelitumia. Brenda anaokota vipande vya chuma kwenye zege baada ya pambano la maegesho, anavipima, anakuta ni vya takriban 600 KK, na yeye mwenyewe anasema haiwezekani, Wajapani walianza kufua hivyo zama za kati. Analinganisha na kuikuta ndege ya 747 miaka elfu moja kabla ya mtu kuruka. Hapo mimi nilisimama kitini. Ni mara chache sana picha ya mapanga inamfanya mtaalamu wa chuma ndiye mpelelezi. Upanga ndio shahidi. Halafu, kama mleta uzi alivyosema, wakamtupa dada wa watu pembeni.

Kilichonichekesha ni kwamba anasema chuma kile kimekunjwa mara 200. Jamani. Unapokunja chuma unazidisha tabaka mara mbili. Mafundi wa Kijapani wanakunja mara kumi hadi kumi na tano. Mara kumi na tano tu unapata tabaka 32,768. Mara 200 unapata namba yenye tarakimu 61. Hakuna chuma kitakachobaki, utakuwa unapiga nyundo moshi.

Na Kurgan je? Hotelini anafungua sanduku, anauunga upanga wake vipande vipande, kach, kach, kach. Unapendeza. Ungenyofoka pigo la kwanza. Ningekuwa Connor ningemsubiri tu ajivunjie.

#6 Bi Shangani

Nyote mmeandika, mmesifu wimbo, mmelia na Heather, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mwimbaji. Hayo ndiyo mambo yenu wa bara.

Sauti ile ni ya Freddie Mercury, Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake alikuwa karani wa fedha wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Waliondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo hapa Shangani iko makumbusho yake tangu 2019, wageni wanapiga picha mlangoni asubuhi hadi jioni, wenyewe tunapita na vikapu vyetu.

Sasa nikueleze jambo, mwanangu Kichwa Ngumu. Queen, bendi yake, walioneshwa vipande tu vya picha, kama dakika ishirini, kabla haijakwisha. Brian May akaanza kuutunga wimbo huo wa Heather garini akirudi nyumbani. Ndani ya albamu yao, A Kind of Magic, ubeti wa mwanzo anauimba May mwenyewe, Freddie anaingia baadaye. Ndani ya picha Freddie anauimba tokea mwanzo. Kausikilizeni kwa kupokezana, vyote viwili, halafu mniambie.

Miye nikiuangalia hivi sasa simwoni tena Heather. Mtu anauliza nani ataka kuishi milele, na miaka mitano baadaye, Novemba 1991, kafa ana miaka 45. Picha haikukusudia hayo. Lakini yamo.

#7 Kichwa Ngumu

Bi mkubwa shikamoo. Hilo la wimbo wa albamu na wa picha nimelijaribu sasa hivi. Yuko sahihi, wakuu. Ule wa picha unakuingia mapema zaidi.

Mzee wa Mkanda, nakiri kosa. Kurgan nimemkosea heshima. Ila nawe kubali kwamba Kurgan wa 1985 anaponogewa kupita kiasi, ile safari ya gari anayomtia Brenda kiwewe, anakuwa mchekeshaji. Kurgan wa milimani, kofia ya fuvu la mnyama, mvua, kimya, yule ndiye wa kuogopwa.

#8 Mtaa wa Saba (Nairobi)

Sasa wadau. Mimi ni wa kizazi cha ile tamthilia ya TV, ya Adrian Paul kama Duncan MacLeod, 1992 hadi 1998. Filamu niliiona baadaye nikiwa mtu mzima, kwa hivyo sina hayo machozi ya banda.

Maoni yangu yasiyo na sukari: nusu ya mnayosifu ni utoto wenu. Ondoeni mkanda, ondoeni benchi, mtabaki na filamu yenye muziki mzuri na mhusika mkuu anayeongea kama amekula viazi moto. Iliingiza karibu dola milioni sita tu Marekani wakati ilitengenezwa kwa zaidi ya kumi na sita. Watu wa 1986 hawakuwa wajinga. Tamthilia ilifanya vipindi 119 kwa wazo lilelile na ikaonyesha lina uwezo gani. Mle unawajua hao wasiokufa mmoja mmoja, kila mmoja na historia yake.

Na hapo ndipo nina kisirani na filamu. Kastagir! Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana, Mwafrika pekee kati ya wasiokufa tunaopata kumjua. Anakutana na Connor kwenye daraja Central Park, wanakumbatiana, wanapiga chupa, wanakumbushana ujinga wao wa Boston mwaka 1783. Dakika tano, na tayari ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote humo ndani. Ndiye pekee anayeonekana anapenda kuishi. Kidogo hivi, uchochoroni, kichwa. Ametoka wapi? Ameona nini miaka hiyo yote? Mwafrika asiyekufa, Boston, 1783, wakati watumwa wanauzwa Amerika, na filamu inaona kicheko tu. Mleta mada anasifu kunyamaza. Sawa. Lakini kuna kunyamaza kwa ustadi na kuna kunyamaza kwa sababu haikukujia akilini kuuliza.

#9 Mzee wa Mkanda

Huyu kijana wa Nairobi kanyoosha. Ila asituguse Boston. Connor amelewa chakari, amemtukana mke wa bwana mmoja, ameitwa kwenye pambano la heshima alfajiri. Anachomwa, anaanguka, anaamka, anachomwa tena, anaamka. Mwisho anaomba radhi na kwenda zake anayumba. Ndiyo sehemu pekee ambapo kutokufa kunafurahisha, na bila hiyo picha ingekuwa matanga kuanzia mwanzo hadi mwisho.

#10 Dada wa Kigamboni

Nimesoma yote mpaka hapa nikisubiri mwanaume mmoja aliguse hili. Hakuna, kwa hiyo naliweka.

Mzee wa Mkanda ameandika "mbakaji" katikati ya sentensi akapita zake. Alimbaka nani? Alimbaka Heather. Baada ya kumuua Ramirez kwenye ule mnara, Heather alikuwepo. Kurgan alidhani ni mwanamke wa Ramirez. Connor hakuwepo, amerudi amekuta mwalimu amekufa. Heather hakumwambia kamwe. Miaka yote ile ya kukimbizana kwenye majani, mvi zikiingia, alikuwa nalo. Connor anakuja kulijua kanisani, mwaka 1985, kutoka kwa Kurgan mwenyewe, tena kwa dhihaka.

Mara ya kwanza nilipolielewa hili nilirudisha nyuma nikaiangalia ile sehemu ya wimbo upya, na sikuiona ile mnayoisifu. Niliona mwanamke aliyebeba siri mpaka kaburini ili mumewe asiumie. Ingekuwa picha inajua hivyo, ningesema ndiyo kazi kubwa kuliko zote za aina yake. Haijui. Imelitumia kumchoma Connor kisu cha moyo kabla ya pambano la mwisho, basi, hairudi tena. Maumivu ni ya Heather, sisi tunaonyeshwa sura ya Connor.

Mleta uzi, unasema picha hii inapendeza ikinyamaza. Hapa ilinyamaza. Imependeza?

#11 Ngosha wa Mjini

Uff.

#12 Kichwa Ngumu

Dada, nimekaa na hili toka mchana. Umenikata kichwa na sina sarakasi ya kurudi nyuma nayo.

Nimeiangalia ile sehemu ya kanisa tena. Ni kweli, kamera inabaki kwa Connor. Na ni kweli kwamba mimi mwenyewe, mara zote hizo nilizoiangalia, nilihesabu maneno yale ya Kurgan kama uchokozi wa adui tu. Bandani tulikuwa watoto, hatukuelewa. Lakini sikuwa mtoto jana usiku.

Kwa hiyo hoja yangu naipunguza. Haifai kusema tu kwamba ikinyamaza inapendeza. Inapendeza inapomnyamazia Connor, kwa sababu muongozaji anamjua Connor, kwa hiyo kimya kinajaa. Heather, Kastagir, hata Brenda, wanapewa kimya kitupu. Mtaa wa Saba ameliona upande wake, wewe umeliona upande wako, ni tundu lilelile.

Ila hilo la utoto, Mtaa wa Saba, nalikubali nusu. Pesa hazisemi kitu; picha ilikufa sinema ikafufukia kwenye mikanda, hata Ulaya, si Morogoro tu. Na ukitaka kujua kama tunadanganywa na kumbukumbu, tazama kilichotokea walipojaribu kuongeza maelezo. Sehemu ya pili, 1991, Mulcahy yuleyule, Lambert yuleyule, Connery yuleyule (ambaye alishakatwa kichwa, tusiulizane). Waliipigia Argentina, uchumi wa kule ukaporomoka, kampuni ya dhamana ya fedha ikaichukua picha mikononi mwa muongozaji. Ikatoka na jibu la swali ambalo Ramirez alilikataa: wasiokufa wametoka sayari nyingine iitwayo Zeist. Sayari! Mwaka 1995 wakatoa toleo jingine lililofuta sayari hiyo yote, kama vile sote hatukuiona. Picha zile mbili, watu karibu walewale; moja ilikataa kueleza, nyingine ikaeleza.

#13 Fundi Chuma

Mimi ya pili niliizima. Sikufika hata kwenye chuma.

#14 Bi Shangani

Dada wa Kigamboni Mungu akuweke. Hilo miye nililijua siku nyingi ila sikupata kulisema. Bibi yangu aliiona nasi kwenye video, Kiingereza hajui hata neno. Wimbo ulipokwisha akasema, "Huyu mke ana jambo."

#15 Dada wa Kigamboni

Bibi kaona kuliko wote humu.

Na mimi niseme zuri basi, isiwe nimekuja kuvunja. Rachel. Yule mama mtu mzima anayemwendeshea Connor ofisi ya vitu vya kale. Ukimtazama unadhani ni mama yake au shangazi. Kumbe ni mtoto aliyemuokota wakati wa vita ya pili ya dunia, akamlea. Binti amezeeka, baba bado kijana. Wanaagana kabla ya pambano la mwisho, na yeye ndiye anayejua kwamba hatarudi nyumbani, ama atakufa ama ataishi maisha mengine. Heather aliimbiwa wimbo. Rachel hakuimbiwa chochote, ameaga na kubaki amesimama. Mimi hapo ndipo nalia.

#16 Ngosha wa Mjini

Kuokotwa vitani kuko wapi? Nimeiona hii picha mara mbili, sijaona vita ya dunia.

#17 Mzee wa Mkanda

Umeona toleo la Marekani. Walipopeleka sinema za kule walikata dakika kadhaa, na sehemu hiyo ya vita ikaenda na mkasi. Tafuta la Ulaya. Connor anamkuta mtoto amejificha, askari wa Kijerumani anammiminia risasi Connor mgongoni, anaanguka, anaamka, mtoto anashangaa, anamwambia ni aina ya uchawi tu, asiogope. Jina la ile albamu ya Queen aliyoitaja Bi Shangani limetokana na maneno hayo. Fikiria sasa, Wamarekani waliuziwa wimbo wakakatiwa sentensi yake!

Kwa hiyo wanaotaka kuiangalia leo usiku, la Ulaya, karibu dakika 116. Likiwa pungufu ya hapo kwa dakika tano sita, liache.

#18 Mtaa wa Saba (Nairobi)

Ndiyo maana! Mimi pia niliona hiyo iliyokatwa. Rachel nilimdhani ni karani tu. Haya, naitafuta. Lakini Kastagir bado mnadaiwa.

#19 Kichwa Ngumu

Deni tunalo, mkuu. Wanasema kila siku inatengenezwa upya, Chad Stahelski anaongoza, Henry Cavill ndiye steringi. Wakimpa Kastagir dakika ishirini mimi nakununulia tiketi.

#20 Ngosha wa Mjini

Nimelipata la Ulaya. Nimezima taa, watoto wamelala. Naanza.

#21 Ngosha wa Mjini

Wakuu, huyu mzee wa suti mbona anaruka tu? Mbona haachi?

#22 Fundi Chuma

Mwache amalize. Parking ni ndefu.